Simu Yangu ya Batani na Ng'ombe wa Bibi Anjela

Herufi ya N imefutika kabisa. Ukiitazama simu hiyo pale kabatini utaona batani nyeusi tupu mahali N ilipokuwa, na mwenzake G imebaki nusu. Mtu aliyeandika neno "ng'ombe" kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo, mlitaka herufi gani zibaki?

Juzi mmoja wenu, kijana mwenye adabu zake, alipita kunisalimia. Baada ya shikamoo macho yake yakatua kabatini. "Bibi, hii ni rimoti ya nini?" Nikamwambia ni rimoti ya ng'ombe. Alicheka, nami nikacheka, lakini alipoondoka nikaona afadhali niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya mifugo huku mlimani, kwa sababu sikumdanganya. Kuna ng'ombe mmoja hapa Kibosho ambaye bila rimoti hiyo angepelekwa mnadani, na bibi mmoja asiyeona angebaki amekaa mlangoni na mikono mitupu. Nitafika huko. Mtanivumilia, maana mtu akistaafu hana njia ya mkato.

Nilikuwa bibi mifugo tangu enzi ambazo kila kitu kilitoka serikalini, hadi tulipoambiwa kila mtu ajitegemee na dawa tuzinunue wenyewe madukani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija, yaani kumtia mimba kwa mbegu iliyogandishwa, bila fahali kuonekana hapo nyumbani. Kwenu leo ni jambo la kawaida. Wakati ule wazee walinitazama kuanzia miguuni. "Mwanamke? Amwingizie ng'ombe mkono?" Nikawauliza wao walizalishwa na nani, babu zao? Wakanifungulia banda.

Aliyenifundisha alikuwa Mwalimu Eliasi, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Alikuwa na msemo mmoja tu, na alitupiga nao kila siku: "Ng'ombe hasubiri saa yako." Akimaanisha hivi: ng'ombe akiingia kwenye joto, yaani akitaka dume, joto lenyewe halimalizi siku. Ukimwona anahangaika asubuhi, mpandishe jioni. Ukimwona jioni, mpandishe kesho yake asubuhi. Ukizembea, joto limepoa, na mbegu uliyomtia umeimwaga. Sasa pigeni picha. Ng'ombe yuko juu karibu na msitu, mimi niko chini kwa ng'ombe mwingine, na kati yetu kuna mabonde, matope na mwendo wa nusu siku. Atanipataje?

Tulikuwa na mbinu zetu. Waliokuwa na shida waliacha ujumbe mahali pa kukusanyia maziwa. Wengine walitundika kitenge chekundu kwenye mti njia panda, nami nikipita na pikipiki nakata kona. Mbinu nzuri, ila kitenge hakina mdomo. Siku moja nilikiona, nikapanda kilima na mtungi wangu wa naitrojeni ya kugandishia mbegu mgongoni, nikaingia uani nimeshakunja mikono ya gauni, nikakuta watu wamevaa vizuri wanakula. Walikuwa na ubatizo. Kitenge kilikuwa kimeanikwa tu, kimefuliwa. Wakanikaribisha mtori wa ndizi, nikala, nikashuka na mtungi wangu.

Halafu bei ya kahawa ikaanguka. Mnawaona wazee wenu wanavyoitaja kahawa kama marehemu wa ukoo; basi ndiyo miaka hiyo. Watu waling'oa mibuni wakapanda majani ya ng'ombe, na kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kikawa na banda nyuma ya migomba. Kazi ikanizidi kimo. Na hapo ndipo simu zilipoanza kupanda mlima.

Simu za kwanza hazikunisaidia sana, kwa sababu ya kubipu. Ninyi mna vifurushi, hamjui adha hiyo. Mtu hakuwa na vocha ya kupiga, basi anabipu, simu inalia kidogo anakata, hesabu unapiga mwenyewe. Nikatangaza kanisani baada ya misa: bipu moja, ng'ombe yuko kwenye joto, bipu mbili, anazaa. Nikajiona nimevumbua kitu. Kumbe shemeji yangu anabipu kunisalimia, mwenye duka anabipu nikachukue chumvi ya ng'ombe, na kuna mlevi mmoja alikuwa anabipu akitafuta mke wake. Nilifika kwenye mabanda ambayo ng'ombe amelala anacheua, ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na biashara zake Holili mpakani. Siku moja akaniletea simu ya ajabu: pana, imekaa kama kipande cha sabuni ya kufulia, kioo kidogo juu na chini yake batani za herufi zote, kila herufi na batani yake. Aliyemuuzia alimwambia ni simu ya kisasa, inafungua intaneti, inafanya mambo yote ya simu za wakubwa, ila bei yake ni ya wadogo. Hizo ambazo leo mnaziita simu janja. Hii yangu ujanja wake ulikuwa wa kijijini, lakini ulitosha.

Nianze na sifa. Kwanza, ilikuwa na laini mbili. Laini moja ilishika mtandao juu Kibosho, nyingine ilishika mjini Moshi, na mimi nikawa napatikana kote kama harufu ya pombe ya mbege. Pili, chaji. Ninyi simu zenu mchana zimeshaanza kuomba umeme kama ndama anavyoomba ziwa. Yangu nilikuwa naichaji dukani kwa mtu, naisahau kwa siku kadhaa, na bado inawika. Ilikuwa na tochi ya kumulika banda, na redio ya kusikiliza matangazo ya vifo, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu si dogo, maana ukijua msiba uko wapi unajua leo nani hayupo nyumbani.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa zile batani. Vijana, mkono wa kushoto wa mpandishaji uko ndani ya ng'ombe mpaka begani. Uliobaki ni wa kulia, nao una kazi yake. Kwa simu ya batani niliweza, kabla sijashika mrija, kumjibu mtu kwa kidole gumba bila hata kutazama: "Niko kwa Temu. Nakuja." Kidole kinajua chenyewe. Kwenye herufi ya D palikuwa na kinundu kidogo kama chunusi. Ukikigusa hicho, umeshajua mji mzima umekaaje. Kioo hakina kinundu. Kioo hakikwambii uko wapi.

Sasa na ubaya wake niuseme, nisije nikaonekana nimelipwa. Batani za mpira zinameza uchafu. Maziwa, pumba, na vitu vingine vya ng'ombe ambavyo sitavitaja, vyote viliingia chini ya herufi vikakaa humo. Dawa yake ni mswaki mkavu na pamba yenye spiriti kidogo. Kamwe usioshe kwa maji, mimi niliosha, ikanuna siku mbili. Mlio wake ulikuwa wa kuitia watu harusini. Iliwahi kulia mfukoni nikiwa nyuma ya mtamba mwoga, jike ambaye hajazaa bado, na teke nililopata ndilo lililonifundisha kuweka mtetemo. Intaneti yake nilifungua nikiwa naanza kumenya ndizi, sufuria likachemka, ukurasa bado unakuja. Na kamera! Mtu alinitumia picha ya kiwele kilichovimba, nikaona kitu kama kiburu cha ndizi na maharage kilichomwagika. Nikamwambia, "Mama yangu, niandikie tu kwa maneno."

Ubaya mkubwa kuliko wote ulikuwa huu: kikapu chake cha meseji kilikuwa kidogo, na kikijaa, mpya haziingii. Zinabaki huko hewani zinasubiri. Ilibidi kila asubuhi nifute za jana, kama mnavyofagia uwanja kabla wageni hawajaja. Na meseji ndefu iliikata vipande, kila kipande kikasafiri kivyake. Kipande cha kwanza leo, cha pili kikipenda.

Na hapo ndipo naingia kwa Bibi Anjela.

Bibi Anjela alikuwa mwalimu wa katekisimu hapo parokiani, mama mrefu, mkali, msafi, mpaka presha ya macho ikamchukulia nuru polepole. Mumewe, Mzee Kalisti, alikuwa mtu mwema wa maneno mengi. Walibaki wawili tu kihambani na ng'ombe mmoja aliyeitwa Malaika. Ng'ombe huyo alikuwa wa Bibi. Alimkamua mwenyewe kwa kupapasa, alimkatia migomba kwa kupapasa, na kwa kutambua joto hakuna mteja wangu aliyemfikia. Ng'ombe mmoja peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo wenye macho wanakosa dalili. Bibi alikuwa anasikiliza anavyocheua. "Leo hacheui vizuri," ananiambia, "ana mawazo. Mpandishe." Hakuwahi kunidanganya.

Malaika akashika mimba. Ikafika siku ya kuzaa, uchungu ukaanza, na Mzee Kalisti akachukua kisimu chake kidogo akaniandikia. Sasa mnawajua wazee wetu. Mtu hawezi kukurukia na shida yake bila kukusalimu. Meseji iliyonifikia ilisema: "Tumsifu Yesu Kristu mama mifugo. Habari za toka siku nyingi. Baba watoto hajambo? Watoto hawajambo wote? Na yule aliyekuwa anakohoa? Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu, mvua imenyesha kidogo, na".

Hapo imekatika. Nikajibu: milele amina, baba watoto hajambo, aliyekuwa anakohoa amepona. Naye, akidhani shida yake imeshanifikia, akajibu kwamba ameshukuru kusikia amepona. Tukasalimiana weee. Kipande cha pili, kile chenye "Malaika ana uchungu tangu alfajiri na ndama hatoki, njoo upesi," kiliingia kwangu kesho yake. Ndama alikuwa ameshazikwa chini ya mgomba.

Nilipofika sikumkuta Mzee Kalisti akilia, nilimkuta Bibi. Alikuwa ameegemea shingo ya Malaika. Alisema neno moja tu, "Nilikuwa namshika mguu." Niliumia sana siku ile, na mpaka sasa nikiikumbuka naumia.

Ikaja Krismasi. Mnajua Krismasi kwetu: barabara za huku juu zinajaa magari ya Dar es Salaam, na kila jambo la ukoo lililolala mwaka mzima linaamshwa kati ya mbuzi na mbege. Watoto wa Bibi wakakaa kikao. Mama haoni, baba amechoka, ng'ombe ana mimba nyingine, yakitokea tena? Mwanawe mkubwa akatoa hukumu kwa upole, na upole ndio ulioniudhi zaidi: Malaika azae mara hii moja. Ndama akipotea tena, ng'ombe anakwenda mnadani, na mama apumzike.

"Nipumzike nifanye nini?" Bibi aliniuliza nilipopita kumpima Malaika baada ya sikukuu. "Nikae mlangoni nihesabu mbayuwayu nisiowaona? Mama mifugo, mimi nikimkosa ng'ombe huyu nimekuwa kigoda."

Mwanawe, kwa kutaka kumtuliza, alikuwa amemwachia zawadi: simu ya kioo kitupu, zile za kupapasa zilizokuwa zimeanza kuingia kutoka China. Akanipa niione. Akapitisha vidole juu yake. "Hii nimeishika toka Noeli," akasema. "Ni kama kumpapasa mtu aliyelala. Hakujibu, hajui uko wapi, na wewe hujui."

Nikatoa yangu mfukoni, na mavumbi yake na harufu yake, nikamwekea kiganjani. Ningependa mngemwona. Vidole vilisimama kwanza. Kisha vikaanza kutembea, batani moja baada ya nyingine, safu baada ya safu, kama anasali rozari. Vikafika kwenye D.

"Hapa pana kitu."

"Hiyo ni D, Bibi. Ukishikilia hapo hupotei. Kushoto kwake ni S, halafu A."

"A iko pembeni namna hii? Na B?"

"B iko chini kule, kulia."

"Nani aliyezipanga hizi? Alikuwa amekunywa?" Lakini alikuwa anatabasamu, na nilikuwa sijaona tabasamu lake tangu yule ndama afukiwe.

Nikamwagiza mdogo wangu Holili alete nyingine kama yangu. Kila nilipopita huko juu nilikaa naye kidogo. Alikuwa anazijua herufi toka zamani, kilichobaki ni kujua zinapoishi. Nilimwekea jina langu kwa A moja tu, ili liwe la kwanza kabisa: anabonyeza batani ya bahasha, anaandika, anatuma kwa wa kwanza. Hana haja ya kutafuta. Hiyo ni mbinu nawapa bure, mwekeeni hivyo kila mzee asiyeona vizuri.

Mnaweza kuuliza kwa nini asipige tu. Kwa sababu kwao mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama paka. Sauti inakatika, unasikia "ngo... ngo...", vocha imekwisha. Meseji inapenya. Ikikukosa bondeni, inakusubiri kilimani.

Tuligombana jambo moja tu. Nilikuwa nimewawekea wateja wangu wote sheria: jambo kwanza, salamu baadaye. Andika ng'ombe ana nini, ndipo uniulize habari za watoto. Wengi walikubali. Bibi Anjela akakataa katakata.

"Mimi si polisi," akasema, "niingie kwa mtu bila hodi."

"Bibi, si nyumba. Ni simu."

"Na ndani ya simu kuna nani? Si kuna mtu?"

"Bibi, ndama yule..."

"Najua." Akajifunga kanga upya. "Najua, mama. Lakini nimefundisha watoto wa parokia hii salamu kabla ya sala ya Baba Yetu Uliye Mbinguni. Usinifanye nife bila adabu."

Na kweli, kwa miezi yote ya mimba ile alinitumia meseji na zote zilianza na Tumsifu Yesu Kristu. "Tumsifu Yesu Kristu. Habari ya asubuhi. Malaika amekula vizuri." Mzee Kalisti alikuwa anasikia batani zikilia tik tik, usiku wa mvua na mchana wa jua, akasema mke wake amepata kuku wa kudonoa mahindi. Mimi nilizisoma nikifurahi na nikiogopa. Nilikuwa nafuta kikapu changu asubuhi na jioni. Sikutaka meseji yake ikute mlango umefungwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya msiba mkubwa hapo juu. Kwetu msiba hauna mtu wa kubaki. Migomba tu ndiyo inayolinda nyumba. Mzee Kalisti alikwenda, majirani walikwenda, Bibi akabaki kwa kuwa Malaika alikuwa bado hajakaribia, au ndivyo wenye macho walivyodhani. Mimi nilikuwa bondeni karibu na mto, mahali ambapo mtandao hauingii hata ukiuitia. Nikamaliza kazi, nikasukuma pikipiki kupanda. Nilipofika ukingoni simu ikatetemeka.

Niliona ni ya Bibi Anjela. Nikafungua nikijua itaanzaje. Ikasema:

"Nimeona mguu mmoja na pua. Mguu mwingine sijauona. Niko peke yangu. Njoo."

Vijana, nimepigwa mateke na ng'ombe, nimeanguka na pikipiki kwenye matope ya Kibosho, lakini sijawahi kushtuka kama siku ile. Sikushtushwa na mguu. Hapakuwa na Yesu Kristu, hapakuwa na habari za asubuhi. Mama yule alikuwa ameingia bila hodi.

Na tazameni alichokiandika. Ndama anayekuja sawasawa anatanguliza miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Mguu mmoja na pua maana yake mwingine umejikunja nyuma, na ng'ombe akiendelea kusukuma anamkaba mwanawe. Kwa maneno yale nilijua cha kufanya kabla sijafika. Nilisimama dukani sekunde mbili nikachukua mafuta ya kula na sabuni, kamba ninayo, nikaruka.

Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya Malaika, mikono imeoshwa mpaka viwikoni, kanga kiunoni, simu kaiweka juu ya ukuta wa banda ndani ya kibakuli ili isilowe. Hakugeuza kichwa.

"Ni wa kushoto," akasema. "Nimefika mpaka kwenye goti. Mkono wangu umeishia hapo."

"Mshike kichwa, Bibi. Zungumza naye."

Akaenda akipapasa ukuta, akamkumbatia Malaika kichwa, akaanza kumwambia maneno ya Kichagga ambayo mtu humwambia mwanawe anayeumwa. Nami nikapaka mafuta nikaingia. Sikilizeni hapa, hapa ndipo penye kazi. Usivute. Mkiona mguu, mikono yenu itataka kuvuta, ikatazeni. Subiri ng'ombe apumzike kusukuma, ndipo umrudishe ndama ndani polepole upate nafasi. Tafuta goti, shuka mpaka kwato, zifunike kwato kwa kiganja chako zisichane tumbo, ndipo uulete mguu mbele. Bega langu la kushoto lilikuwa limeshazeeka kwa kazi hiyo, likawa linawaka moto. Nilikuwa nasali na kutukana kwa zamu.

Mguu ukaja. Nikafunga kamba juu ya vifundo, tukangoja Malaika asukume, na aliposukuma nikavuta kuelekea chini, naye Bibi akawa anaimba "Sukuma, mae, sukuma." Ndama akatoka kwa kishindo akanilowesha mwili mzima. Hakupumua. Nikamfuta pua, nikamchokonoa puani kwa kijiti cha jani, nikamsugua mbavu kwa majani makavu ya mgomba. Hakuna. Bibi akaja kwa magoti, akaweka kiganja kifuani pa ndama, akatulia vile alivyokuwa anatulia kusikiliza ng'ombe anavyocheua.

"Yumo," akasema. "Sugua."

Nikasugua. Ndama akapiga chafya.

Ni jike. Nalia hata sasa ninapoandika, na sioni aibu.

Mzee Kalisti alirudi kutoka msibani akiwa na koti lake la heshima, akasimama mlangoni mwa banda. Alimwona mkewe amelowa damu na maziwa, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndama anajaribu kusimama magotini pake. Alivua koti, akalitundika, akachukua panga akaenda kumkatia Malaika migomba. Nikajua habari za mnadani zimekwisha, na kweli, Krismasi iliyofuata hakuna aliyezitaja. Malaika alizeekea bandani mule, na mjukuu wake yuko pale hadi leo.

Lakini ninachotaka mkumbuke ni hiki. Nilikuwa nimesimama kwenye bomba nje ya banda, naosha mikono, hatua chache tu kutoka kwake. Nikasikia tik, tik, tik. Kimya. Tik, tik. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikajifuta kwenye gauni nikaitoa. Imetoka kwa Bibi Anjela.

"Tumsifu Yesu Kristu mama mifugo. Habari za tangu asubuhi. Baba watoto hajambo? Watoto hawajambo wote? Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu."

Nikamtazama. Alikuwa amekaa wima juu ya ndoo yake, simu mikononi, uso ameuelekeza kwangu, anangoja. Hapakuwa na cha kucheka. Nikatia kidole gumba kwenye batani, nikaandika moja baada ya nyingine: "Milele na milele amina. Shikamoo Bibi. Hatujambo wote." Nikatuma. Ya kwake ikalia kiganjani.

"Umejibu?" akauliza.

"Nimejibu, Bibi."

Akainuka, akajikung'uta kanga, akanyoosha mkono kutafuta wangu.

"Aika, asante. Sasa umefika. Karibu ndani."